Mkono wa Nani? Historia Fupi ya Upigaji wa Ala Katika Sinema

Sanaa ya kuigiza imeruhusiwa uwongo mwingi tangu zamani. Mtu mwenye afya hujilaza jukwaani akawa maiti, naye hunyanyuka baada ya pazia kushuka. Maskini huvaa taji akawa mfalme, na hapana mtazamaji amshitakiye kwa udanganyifu. Kifo na ufalme ni mambo ambayo watazamaji hawakuyaonja wenyewe, kwa hiyo huwa wepesi wa kuridhika. Lakini upigaji wa ala za muziki si jambo la namna hiyo. Aghalabu katika ukumbi wa sinema huwamo mtu aliyewahi kushika fidla au kupuliza tarumbeta, na mtu huyo hadanganyiki kwa taji la karatasi. Macho yake huenda moja kwa moja kwenye vidole. Akiona vidole vimetulia hali sauti inapanda, kisa chote humvunjikia, na machozi yaliyotengenezwa kwa fedha nyingi huwa si kitu kwake.

Historia ya sinema yenye sauti, iliyoanza kuenea tangu mwaka 1927, yaweza kusomwa kuwa ni historia ya mapambano na mtazamaji huyu mmoja. Watengenezaji wa sinema walimwogopa, wakambunia hila, na mara nyingine wakamtii. Katika mapambano hayo maswali mawili yalifungamana. Swali la kwanza ni la ufundi: mwigizaji asiyejua kupiga afanyeje aonekane anapiga? Swali la pili ni la haki: ikiwa sauti isikiwayo si yake, ni ya nani, na mwenyewe amepewa nini? Watu wapimao sinema hulijadili sana swali la kwanza. La pili husahauliwa, ingawa ndilo zito zaidi.

Kabla ya mwaka huo jambo lilikuwa jepesi. Sinema ilikuwa bubu. Mwigizaji aliweza kuisugua fidla kama seremala akatavyo ubao kwa msumeno, na muziki ukatoka kwa mpiga piano aliyeketi ukumbini karibu na kiwambo. Kila mtu alijua sauti ilikotoka, hivyo hapakuwa na aliyedanganywa. Sauti ilipoingia, picha na muziki vilichukuliwa kwanza kwa wakati mmoja. Bendi iliwekwa kando ya waigizaji, nje ya jicho la kamera, na kosa la mmoja lililazimisha kazi yote irudiwe. Katika The Broadway Melody, sinema ya Marekani ya mwaka 1929, ngoma moja kubwa ilipigwa picha upya huku wachezaji wakifuata sauti iliyokwisha kuchukuliwa. Njia hiyo ikawa desturi: muziki huchukuliwa mapema katika chumba cha utulivu, kisha waigizaji huufuata kwa viungo vyao mbele ya kamera.

Desturi hii ina sababu yake. Wimbo mmoja mfupi hupigwa picha kwa vipande vingi, mara kutoka mbele, mara kutoka ubavuni, mara karibu, mara mbali, kisha vipande vikaunganishwa. Kama muziki ungepigwa upya kila mara, mwendo wake usingelingana na vipande visingeungana. Basi hata mpigaji halisi akiwekwa mbele ya kamera humbidi kujiigiza mwenyewe: husikiliza sauti aliyoipiga juzi, akaifuata kama mtu afuataye kivuli chake. Kwa hiyo uhalisi wa upigaji katika sinema si jambo la kusema kuwa huyu alipiga na yule hakupiga. Ni kipimo cha jinsi sauti, mkono na pumzi vinavyopatana, hata kama havikuzaliwa siku moja wala katika mwili mmoja.

Ala nazo hazilingani katika kutunza siri. Piano ni mwenye huruma kwa mwongo. Mwili wake mkubwa hufunika mikono, na kamera ikiwekwa upande wa pili huona mabega na uso tu. Dooley Wilson, aliyekuwa mpiga piano wa kilabu katika Casablanca ya mwaka 1942, alikuwa mwimbaji na mpiga ngoma, piano hakuijua. Sauti yake ya kuimba ilikuwa yake, lakini piano ilipigwa na mtu mwingine, na ni watazamaji wachache waliolishuku jambo hilo. Tarumbeta ina vibonyezo vitatu tu, na vidole vitatu hufundishika. Lakini huisaliti shingo, mashavu na kifua, kwa kuwa mtu asiyepuliza kwa kweli husahau kuvuta pumzi pale ambapo sauti inakatika. Ngoma ni kali kuliko zote kwa wakati: fimbo ikigusa ngozi na sauti ikachelewa kidogo, hata mtoto huona.

Fidla ndiyo shahidi mbaya kabisa. Hushikwa kando ya uso, mahali kamera ipendapo kuwa, na mikono yote miwili huonekana. Mkono wa kulia huvuta uta, na kila mvuto wa juu au wa chini una maana yake katika muziki. Mkono wa kushoto hubonyeza nyuzi mahali pasipo alama yoyote, na vidole hutetemeka kwa kipimo ili sauti iwe hai. Ustadi huu hutafutwa tangu utotoni kwa miaka mingi. Sinema hutengenezwa kwa miezi michache. Kati ya miaka mingi na miezi michache ndipo hila zilipozaliwa.

Hila mashuhuri kuliko zote ilifanywa katika Humoresque, sinema ya Warner Brothers ya mwaka 1946 iliyoongozwa na Jean Negulesco. John Garfield alikuwa mpiga fidla katika kisa, lakini hakuwa mpiga fidla katika maisha. Kwa picha za karibu mikono yake mwenyewe ilifichwa, na mafundi wawili wa fidla wakajibana karibu naye nje ya upeo wa kamera. Mmoja alipitisha mkono wa kushoto kwenye koti la Garfield akabonyeza nyuzi. Wa pili alipitisha mkono wa kulia akavuta uta. Sauti haikuwa ya yeyote kati ya hao watatu: ilikuwa ya Isaac Stern, kijana aliyezaliwa mwaka 1920, ambaye baadaye alihesabiwa miongoni mwa mabingwa wa fidla wa karne. Husimuliwa kuwa Oscar Levant, mpiga piano wa kweli aliyeshiriki katika sinema hiyo hiyo, alitania kwamba wao watano wangefaa kusafiri pamoja wakapige katika kumbi za muziki.

Mzaha huo una elimu ndani yake. Mtu mmoja aliyeonekana kiwamboni alikuwa amekusanywa kutoka kwa watu wanne: uso wa mmoja, mkono wa wa pili, mkono wa wa tatu, na sauti ya wa nne. Kila kiungo kilikuwa sahihi peke yake. Hata hivyo mjuzi wa fidla anajua kwamba uta hauanzi mkononi. Huanza mgongoni na katika pumzi, na bega hulitangulia neno kabla mkono haujalitamka. Mwili wa Garfield ulilazimika kutulia ili usiwaangushe wageni waliokuwa ndani ya koti lake. Vidole vilisema kweli hali mgongo umenyamaza. Hapa ndipo inapoonekana kwamba usahihi wa vidole, ambao watu wengi huudhania kuwa ndio uhalisi wenyewe, ni sehemu moja tu ya uhalisi.

Mwaka huo huo wa 1946 kampuni ile ile ilitoa Deception, na Paul Henreid akawa mpiga selo, ile fidla kubwa ishikwayo kati ya magoti. Hila ya mikono ya kuazima ilitumika tena. Sauti ya selo ilipigwa na Eleanor Aller, mwanamke aliyekuwa mpiga selo katika okestra ya studio hiyo, ambaye katika mwaka huo huo aliipiga mbele ya watu tungo ya Erich Korngold iliyotokana na sinema hiyo. Watazamaji walimwona mwanamume akishangiliwa; waliyemsikia alikuwa mwanamke. Wahenga husema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Eleanor Aller alicheza kwao, katika mji wake wa kazi na katika okestra yake, na tunzo ikatuama kwenye mabega ya mwanamume asiyeijua ala ile.

Ni kweli kwamba si kila aliyefichwa alidhulumiwa kwa kiasi kimoja. Katika A Song to Remember ya mwaka 1945, Cornel Wilde alikuwa Chopin, na piano ilipigwa na José Iturbi bila jina lake kutajwa katika sinema. Iturbi alikuwa tayari mtu mashuhuri, na santuri yake ya polonezi ya Chopin ilinunuliwa mno baada ya sinema kuonyeshwa. Aliyenyimwa jina mlangoni alilipata dirishani. Katika Song of Love ya mwaka 1947, Katharine Hepburn alikuwa Clara Schumann. Alifanya mazoezi makali ya piano ili mikono yake ionekane bila haya, na jina la Arthur Rubinstein, aliyepiga muziki, likatajwa waziwazi. Hakuna aliyesikika kulalamika kwamba kisa kimeharibika kwa sababu ya kulijua jina la Rubinstein. Mfano huu mmoja watosha kuvunja hoja ya wale wasemao kuwa siri ni sharti la sanaa.

Mahali pengine siri ilikuwa na mizizi michungu kuliko hiyo. Katika Blues in the Night ya mwaka 1941, Jack Carson, mwigizaji mweupe, alionekana akipuliza tarumbeta. Aliyepuliza kwa kweli alikuwa Snooky Young, kijana mweusi wa bendi ya Jimmie Lunceford. Desturi ya Marekani ya zama zile ilimkubali mtu mweusi asikike mahali ambapo haikumkubali aonekane, na sinema ilikuwa na chombo cha kutenganisha mambo hayo mawili: sauti ikachukuliwa, mwili ukaachwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1944, kampuni hiyo hiyo ilitoa sinema fupi iitwayo Jammin' the Blues, iliyotengenezwa na mpiga picha Gjon Mili. Wapigaji wake, akiwamo Lester Young wa saksafoni, walikuwa mabingwa halisi walioifuata sauti yao wenyewe iliyokwisha kuchukuliwa. Mmoja wao, Barney Kessel wa gitaa, alikuwa mweupe. Kwa kuogopa kuwa kumbi za kusini mwa Marekani zingekataa picha ya weusi na weupe wakipiga pamoja, Kessel aliwekwa gizani na mikono yake ikapakwa maji ya matunda ili isionekane nyeupe. Katika sinema ya kwanza mkono ulikuwa wa uwongo na rangi ya kweli. Katika ya pili mkono ulikuwa wa kweli na rangi ya uwongo. Zote mbili zilimtumikia bwana mmoja.

Marekani haikuwa peke yake katika kutenganisha sauti na mwili. Uhindi iliifanya njia hiyo kuwa nguzo ya sinema yake. Tangu mwaka 1935, ilipotoka Dhoop Chhaon, waimbaji wasioonekana walizidi kuwaimbia waigizaji wasioimba. Mwanzoni majina yao yalifunikwa. Santuri ya wimbo uliovuma kutoka katika Mahal, sinema ya mwaka 1949, ilipotolewa, iliandikwa kuwa mwimbaji ni Kamini, yaani jina la mtu wa kubuni katika kisa. Wasikilizaji wa redio waliandika barua wakiuliza mwimbaji hasa ni nani, na jibu likawa Lata Mangeshkar. Tangu hapo Uhindi ilijifunza jambo ambalo Hollywood ilichelewa kulijifunza: mtazamaji anaweza kumpenda mwenye uso na mwenye sauti kwa pamoja, akijua kabisa kuwa ni watu wawili, na furaha yake isipungue.

Elimu hiyo ilifika pwani ya Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1950 na 1960 sinema za Kihindi na za Kimisri zilijaza kumbi za Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, na vikundi vya taarabu vilichota tuni kutoka humo. Kumbi hizo zilikuwa na watazamaji wenye macho makali, maana fidla, udi na kanuni zilikuwa ala za nyumbani kwao. Sinema za Kimisri ziliwaletea watu kama Farid al-Atrash, aliyeanza kuonekana katika Intisar al-Shabab ya mwaka 1941. Huyo alikuwa bingwa wa udi kabla ya kuwa mwigizaji, na alichokipiga kilikuwa chake. Sinema za Kihindi zilileta mfano mwingine. Dilip Kumar alipotakiwa kupiga sitari katika Kohinoor ya mwaka 1960, hakuridhika na mikono ya kuazima. Alijifunza ala hiyo kwa Ustad Abdul Halim Jaffar Khan, ambaye ndiye aliyepiga sitari isikikayo, huku sauti ya kuimba ikiwa ya Mohammed Rafi na muziki ukiwa wa Naushad. Kumar hakuwa bingwa wa sitari, wala hakudai. Lakini kidole kilichovuta uzi kilitoka katika bega lile lile lililoinama, na jicho lililofumba lilifumba pamoja na mkono. Mwili ulirudishwa kuwa mmoja.

Upo waongozaji walioona kuwa hata hayo hayatoshi. Jean-Marie Straub na Danièle Huillet, katika sinema yao ya mwaka 1968 juu ya maisha ya Johann Sebastian Bach kama yasimuliwavyo na mkewe Anna Magdalena, walikataa mwigizaji kabisa. Walimchukua Gustav Leonhardt, bingwa wa vinanda vya kale, wakamvika nguo za karne ya 18, wakachukua sauti papo hapo alipokuwa akipiga, na kamera ikatulia kwa muda mrefu ili asiwepo wa kushuku kuwa vipande vimeunganishwa. Mtazamaji mwenye macho makali hapa hana la kusema. Lakini Leonhardt alikuwa mtu mwembamba, asiyefanana na Bach wa picha za kuchorwa aliye mnene wa uso, na miaka ya kisa inapopita uso wake hauzeeki. Uhalisi wa mkono ulinunuliwa kwa kuutoa uhalisi wa uso. Biashara hiyo ilikuwa ya wazi, na hiyo ndiyo heshima yake: hapana kilichofichwa.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1978, Ingmar Bergman wa Uswidi alionyesha njia ambayo si ya hila wala ya ukali. Katika Höstsonaten mama aliye mpiga piano mashuhuri, aliyeigizwa na Ingrid Bergman, anamsikiliza binti yake, Liv Ullmann, akipiga kipande kifupi cha Chopin; kisha mama anakipiga kile kile ili kuonyesha kinavyopasa kupigwa. Käbi Laretei ndiye aliyepiga mara zote mbili, mara kwa woga wa binti na mara kwa ubaridi wa mama. Bergman hakuiacha kamera ing'ang'anie vidole. Aliielekeza kwenye uso wa yule anayesikiliza. Katika uso wa mama mtazamaji husoma huruma inayogeuka kuwa aibu. Katika uso wa binti husoma jeraha la miaka mingi. Hapana aulizaye tena vidole ni vya nani, kwa sababu kusikiliza kwenyewe kumekuwa kwa kweli, na kusikiliza hakuazimwi kwa mtu mwingine.

Bird ya mwaka 1988, iliyoongozwa na Clint Eastwood, ilirudia swali lile lile kwa chombo kipya. Forest Whitaker alikuwa Charlie Parker, bingwa wa saksafoni aliyefariki mwaka 1955. Mafundi wa sauti walizichukua santuri na kanda za zamani za Parker mwenyewe, wakaitenga sauti ya saksafoni yake, na wapigaji walio hai wakamsindikiza upya. Whitaker alijifunza kushika ala na kuvifuata vidole. Kwa mara hii sauti ilikuwa ya mwenyewe hasa, na mwili ndio ulioazimwa. Mwigizaji alilazimika kujifunza pumzi za mtu aliyezikwa miaka 33 iliyopita: wapi alivuta, wapi alikawia, wapi alikimbia. Palipofanikiwa katika sinema hiyo, palifanikiwa katika kifua kuliko katika vidole.

Mifano hii yote huonyesha kipimo kimoja. Upigaji wa kiwamboni huwa wa kweli pale mwili mzima unapoisikiliza sauti, na mikono ni mashahidi wawili tu miongoni mwa wengi. Garfield alipewa mikono sahihi kuliko ya Dilip Kumar, hata hivyo Kumar husadikika zaidi. Laretei hakuonekana uso, hata hivyo muziki wake ulikaa katika nyuso mbili kama uliozaliwa humo. Hivi sasa, kompyuta ziwezapo kuupandikiza uso wa mmoja juu ya mwili wa mwingine bila mshono kuonekana, koti la Garfield halihitajiki tena. Swali la kwanza, lile la ufundi, linaelekea kwisha. Mtazamaji mwenye macho makali siku moja hatakuwa na cha kunyoshea kidole.

Siku hiyo swali la pili litabaki peke yake, nalo litakuwa zito kuliko lilivyokuwa mwaka 1941, kwa kuwa mwizi asiyeacha alama ni hatari kuliko yule aachaye. Yaweza kusemwa kuwa mtazamaji huja kuona kisa, wala hana haja ya orodha ya watumishi. Lakini sinema huandika majina ya mafundi wa nguo, wa taa na wa nywele, na hapana aliyewahi kusinzia kwa sababu hiyo. Nafasi ya jina la mpuliza tarumbeta ipo. Uigizaji si dhambi. Dooley Wilson hakumwibia mtu, wala Katharine Hepburn. Dhambi huanza pale sauti inapochukuliwa na jina likaachwa nje, na Snooky Young na Eleanor Aller ni mashahidi wake. Mwanafunzi wa historia hii, kila amwonapo mtu kiwamboni akiinua ala mdomoni au begani, na autazame mkono kwa furaha kama watazamavyo wengine. Kisha asiondoke ukumbini kabla hajasoma mkono ule ni wa nani.